Zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya: binti mjamzito wa kijijini aanzie kliniki wapi, na ajifungulie wapi?

Katika kaya nyingi za vijijini nchini Tanzania, mimba ya binti wa miaka kumi na sita haianzi kuzungumzwa mwezi anaokosa hedhi. Huanza kuzungumzwa sketi ya shule inapokataa kufungwa kiunoni, na anayelitamka jambo hilo kwanza mara nyingi ni shangazi au bibi, wala si mama mzazi. Kufikia hapo mimba huwa imetimiza miezi minne au mitano. Wazee wanaoketi usiku huo hujadili mhusika ni nani, shule itakuwaje na baba ataelezwa kwa maneno gani, huku swali la kliniki likiachwa mwisho na kujibiwa kwa sentensi moja: apelekwe hospitali kubwa kwa sababu yeye mwenyewe bado mtoto, au akakae kwa bibi yake kijiji cha pili, ambako yupo mkunga aliyewazalisha mama zake wote. Majibu hayo yote mawili yana mantiki yake, na kwa maoni yangu yote mawili yanakosea mahali pamoja, kwa kuwa yanajibu maswali mawili kana kwamba ni swali moja. Mahali pa kuhudhuria kliniki kwa miezi yote ya ujauzito na mahali pa kujifungulia si lazima pawe pamoja, na kwa binti mdogo mara nyingi haifai pawe pamoja.

Takwimu zinaonyesha uzito wa tatizo uko upande gani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshabeba mimba, pungufu ya asilimia 27 iliyopatikana katika utafiti wa 2015–16, na hali ya vijijini ilikuwa nzito kuliko ya mijini. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanawake wa rika zote waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walipanda kutoka asilimia 51 hadi 65, na waliojifungulia katika vituo vya kutolea huduma kutoka asilimia 63 hadi 81. Walioanza kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza, hata hivyo, walikuwa asilimia 34 tu. Kufika wanafika, ila wanachelewa kuanza. Na ikiwa mwanamke mwenye ndoa na watoto watatu huchelewa, msichana anayeficha tumbo chini ya sweta la shule atachelewa zaidi.

Kazi inayotakiwa kufanyika, popote atakapokwenda

Kabla ya kulinganisha majengo, inafaa kuijua kazi inayopaswa kufanyika ndani yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliacha utaratibu wa mahudhurio manne uliokuwa ukitumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, likapendekeza manane: la kwanza kabla ya wiki ya 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Hudhurio la kwanza ndilo lenye kazi nyingi, kwa kuwa ndipo inapofunguliwa kadi, uzito na urefu hupimwa, shinikizo la damu, wingi wa damu, kundi la damu na mkojo huangaliwa, vipimo vya kaswende, Virusi vya UKIMWI na malaria hufanyika, chanjo ya pepopunda hutolewa, na mama huondoka na chandarua chenye dawa pamoja na vidonge vya madini chuma na foliki asidi ambavyo wauguzi na wajawazito huviita FEFO. Miezi mitatu ya kwanza ikishapita huongezwa SP ya kukinga malaria, inayomezwa mbele ya muuguzi angalau mara tatu kabla ya kujifungua, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Hesabu ya SP ndiyo inayoonyesha hasara ya kuchelewa kwa urahisi: anayeanza kliniki mwezi wa saba akikosa marudio moja tu, hatazifikisha tatu.

Kwa binti wa chini ya miaka ishirini, mambo matatu kati ya hayo yana uzito wa pekee. La kwanza ni shinikizo la damu na mkojo, kwa sababu mimba ya kwanza huelekea zaidi kuleta kifafa cha mimba, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mama wa miaka 10 hadi 19 wako hatarini zaidi kwa kifafa hicho na kwa maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua kuliko wa miaka 20 hadi 24. La pili ni wingi wa damu, maana mwili ambao wenyewe bado unakua unagawana madini chuma na mtoto aliye tumboni. (Mabinti wengi humeza FEFO asubuhi kwa chai ya rangi, na chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri, muuguzi asiyelitaja hilo ametoa dawa nusu.) La tatu ni nyonga, ambayo huendelea kupanuka hata baada ya msichana kuacha kurefuka, hivyo binti anayeonekana mkubwa kwa kimo anaweza kuwa na njia ambayo haijawa tayari kumpitisha mtoto. Uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, usiopatiwa upasuaji kwa wakati ndio chanzo kikuu cha fistula ya uzazi, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, na binti mwenye fistula hubeba matokeo ya usiku mmoja kwa miaka, hadi atakapofika kwenye hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, ambako matibabu yake hutolewa bila malipo.

Zahanati ya kijiji

Zahanati hupangwa kuhudumia watu kati ya 6,000 na 10,000, na sifa yake kubwa kuliko zote ni kwamba binti anaweza kuifikia kwa miguu. Sifa hiyo huonekana ndogo mpaka mtu apige hesabu ya mahudhurio manane ya bodaboda kwenda na kurudi, kwa familia inayosubiri mahindi yakauke ndipo ipate fedha taslimu. Huduma ya mjamzito katika vituo vya serikali imesamehewa malipo kwa mujibu wa sera ya afya. Nauli haijasamehewa na mtu yeyote. Kwa sehemu kubwa ya kazi iliyotajwa hapo juu, yaani kupima shinikizo la damu, vipimo vya haraka vya malaria, kaswende na VVU, SP, FEFO, chanjo na kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, zahanati yenye muuguzi mkunga mmoja aliye makini inatosha kabisa, na muuguzi anayemwona binti yuleyule kila mwezi atagundua uvimbe wa uso mapema kuliko daktari anayemwona mara moja.

Upungufu wake hauna haja ya kufichwa. Vitepe vya kupimia mkojo huisha na kukaa wiki kadhaa bila kuletwa vingine. Mashine ya kupimia wingi wa damu ikiharibika, muuguzi hubaki kufunua kope na kukisia kwa rangi, na ukisio huo huwapita wengi wenye upungufu wa kati. Hakuna altrasaundi wala damu ya kuongezwa, na muuguzi akiitwa semina wilayani mlango hufungwa. Lakini kwa msichana upungufu unaouma zaidi ni kujulikana. Muuguzi ni jirani, huenda anaimba kwaya moja na mama yake, na kwenye benchi la kusubiri wanakaa wanawake ambao jioni watakutana kisimani. Neno moja la kejeli, kama lile la "mtoto kabeba mtoto", linaweza kumfanya asirudi mpaka uchungu umshike.

Jambo zuri ni kwamba ubora wa zahanati unaweza kupimwa na mlezi asiye na elimu ya afya hata kidogo, kwa kuitazama kadi baada ya hudhurio la kwanza. Nafasi ya shinikizo la damu, ya wingi wa damu, ya mkojo, ya kaswende na ya VVU zote zinapaswa kuwa zimejazwa. Nafasi mbili zikibaki wazi kwa kukosekana vitendanishi, yaani vifaa na dawa za kupimia, muuguzi aulizwe kwa adabu vinaletwa lini. Zikiwa bado wazi kwenye marudio, basi binti apelekwe kituo cha afya kwa vipimo hivyo tu, kisha aendelee na zahanati yake. Kuihama moja kwa moja kwa sababu ya vitepe vya mkojo ni hasara, kwa kuwa mbali kunakofuata huwa kuna hudhurio moja au mawili, kisha kimya.

Kituo cha afya cha kata

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo hilo halijatimia kila mahali, lakini kilichofuata baadaye kina maana zaidi kwa mada yetu: vituo vingi vya afya viliongezewa chumba cha upasuaji ili viweze kumtoa mtoto kwa dharura bila kumsafirisha mama hadi wilayani. Kituo cha namna hiyo kina maabara, tabibu, wodi ya wazazi na wauguzi zaidi ya mmoja. Kwa msichana kina faida nyingine isiyoandikwa kwenye bango lolote, nayo ni kwamba pale hajulikani.

Tahadhari ni kwamba jina la kituo cha afya halimaanishi upasuaji unafanyika. Jengo linaweza kuwa limekamilika, kitanda kipo na taa zinawaka, lakini mtaalamu wa usingizi ni mmoja na mwisho wa juma hayupo, au jokofu la damu ni tupu. Mlezi aulize maswali matatu akiwa palepale, na aulize kwa muuguzi wa zamu katika wodi ya wazazi badala ya kusoma tangazo ukutani: upasuaji wa mwisho ulifanyika lini, usiku unafanyika au mpaka asubuhi, na damu ikihitajika inatoka wapi. Jibu likiwa "wiki iliyopita, usiku", hapo ndipo pa kujifungulia. Jibu likiwa "tunawapa rufaa", basi kwa habari ya kujifungua kituo hicho kinazidi zahanati kidogo sana, hata kama rangi ya kuta zake ni mpya.

Kama kituo kipo ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu, ningependelea binti aanzie hapo badala ya zahanati, hasa kwa ajili ya maabara. Zaidi ya umbali huo, faida ya maabara humezwa na marudio yanayokosekana.

Hospitali ya wilaya, ya serikali au ya misheni

Hapa ndipo alipo daktari wa kuamua, altrasaundi, damu na chumba cha watoto njiti, jambo la msingi kwa kuwa watoto wa mama wadogo huzaliwa mara nyingi zaidi kabla ya wakati au wakiwa na uzito pungufu. Katika wilaya nyingine hospitali hiyo ni ya kanisa na hutumika kama hospitali teule kwa makubaliano na serikali. Huko gharama zinaweza kutofautiana, na ni busara kuuliza mapema kipi kimesamehewa na kipi kinalipiwa.

Kama mahali pa kuhudhuria kila mwezi, hospitali ni chaguo baya kwa binti wa mbali. Atatoka alfajiri, atapanga foleni na wanawake waliotoka tarafa nzima, ataonwa kwa dakika chache na mtu tofauti kila safari, na nauli ikikosekana mara moja mnyororo umekatika. Lakini kuna safari moja ninayoiona ya lazima hata kwa familia maskini, nayo ni ya altrasaundi kabla ya wiki ya 24, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza kwa kila mjamzito. Kwa msichana ina sababu ya ziada. Hedhi ya wengi wa umri huu haijatulia, na wengine hawakumbuki, au hawataki kusema, ni lini waliiona mara ya mwisho. Bila tarehe, kila hesabu inayofuata huwa ya kubahatisha, na muuguzi hawezi kujua kama uchungu wa mwezi unaodhaniwa wa nane ni wa mapema au ni wa wakati wake. Altrasaundi ya mwanzoni hukadiria umri wa mimba vizuri kuliko ya mwezi wa nane, hivyo fedha ya safari moja ikipatikana itumike mapema, isihifadhiwe kwa ajili ya kujua jinsia ya mtoto.

Wapo ambao hospitali ni yao tangu mwanzo: binti wa chini ya miaka kumi na sita, mwenye kimo kisichofika sentimita 150, mwenye selimundu, kifafa au ugonjwa wa moyo, mwenye mapacha, na yeyote ambaye shinikizo lake limefika 140 kwa 90. Maumivu makali ya kichwa, kuona maruerue au maumivu ya chembe ya moyo katika nusu ya pili ya mimba hayasubiri tarehe ya marudio. Katika hali hiyo zahanati iliyo karibu bado ndiyo ya kwanza kukimbiliwa, kwa kuwa inaweza kutoa dozi ya mwanzo ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, kabla ya safari.

Mkunga wa jadi na huduma ya mkoba

Mkunga wa jadi ana kitu ambacho vituo vingi havina, yaani muda na lugha ya upole, na msichana aliyesutwa zahanati humkimbilia kwa haki. Hata hivyo hawezi kulipima shinikizo la damu, hawezi kuona protini kwenye mkojo, na mtoto akikwama hana la kufanya. Akubaliwe kuwa msindikizaji: aende na binti kliniki, aingie naye ikiwa binti mwenyewe anataka, na siku ya uchungu awe mmoja wa watakaompeleka. Huduma ya mkoba, ile inayokuja kijijini mara moja kwa mwezi na chanjo za watoto chini ya mwembe, inafaa kwa kuchukua SP na FEFO pale ambapo hakuna zahanati. Haina faragha, na kwa hudhurio la kwanza haitoshi.

Vizuizi ambavyo ni vya binti peke yake

Vituo vingi huhimiza mjamzito aje na mwenza wake hudhurio la kwanza ili wapime VVU pamoja, na asiye naye huagizwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Kwa mke wa mtu huo ni usumbufu; kwa binti ambaye mhusika amekana, amekimbia au ni mtu ambaye jina lake halitamkiki ndani ya nyumba ile, ni ukuta. Mwenza anahimizwa, lakini hakuwekwa kuwa sharti la kupata huduma, na mlezi anaweza kusema hivyo bila ugomvi, akamtambulisha binti kwa maneno machache: "Huyu ni mwanangu, mimi ndiye niliyekuja naye." Kati ya vigezo vyote vya kuchagua kituo, namna muuguzi anavyolipokea neno hilo ningekiweka juu kuliko hata mashine. Kuhusu kipimo chenyewe cha VVU, sheria ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa mwenye miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa.

Kizuizi kingine ni hofu ya kesi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na kwa kuwa mhusika mara nyingi ni jirani au ndugu, familia zinazotaka kumalizana nyumbani humficha binti ili asiulizwe. Sipunguzi uzito wa sheria hiyo, wala sidhani wanaomalizana kwa ng'ombe wawili wanamtendea haki msichana. Nasema tu kwamba wiki anazofichwa ndizo wiki ambazo kaswende ingetibiwa na damu yake ingeongezeka. Na wale wanaoficha kwa kuogopa kwamba shule imekwisha wajue kwamba tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Ningechaguaje

Kwa binti wa miaka 16 hadi 19 asiye na dalili yoyote ya hatari, anayeishi mbali na kata, ningechagua zahanati kwa marudio yote, safari moja ya altrasaundi, na kujifungulia katika kituo cha afya kinachofanya upasuaji usiku, au hospitali kama kituo hicho hakipo. Kama muuguzi wa kijijini ni mwenye maneno makali, ningemruhusu afungue kadi kijiji jirani asikojulikana, mradi kusitafutwe mahali pazuri zaidi kwa mwezi mzima huku mimba ikikua. Kwa aliye chini ya miaka 16, hospitali ishirikishwe mapema, na zahanati ibaki ya kumfuatilia kati ya safari.

Wiki ya 36 ndiyo ya kuhama. Vituo na hospitali kadhaa zina nyumba ya kungojea, ambayo sehemu nyingine huitwa chigonela, na mjamzito hukaa humo wiki zake za mwisho akijipikia mwenyewe au akipikiwa na ndugu. Familia ijue tangu mwezi wa sita nani ataambatana naye, kwa sababu binti wa miaka kumi na saba akiachwa peke yake na jiko la mkaa atarudi nyumbani siku ya tatu. Pasipo na nyumba hiyo, akae kwa ndugu aliye karibu na kituo. Na uchungu ukimwanzia kijijini kabla ya yote hayo, upo mfumo wa M-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, ambao kwa kupiga 115 bila malipo hupanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi dereva huyo. Namba hiyo iandikwe kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki, maana usiku huo simu yenye chaji huenda ikawa ya jirani.